Mbegu ya Moniteri

Shambani hakuona haja ya kupiga hodi. Nyumbani kwa mtu, ndiyo, alisimama nje, akakohoa, akangoja mpaka mwenye nyumba atoke. Lakini shamba, kwake, halikuwa nyumbani kwa mtu. Unaamka asubuhi, unakwenda kupalilia, unakuta mwanamume mzima amepiga magoti katikati ya maharagwe yako, kamba ya nailoni yenye mafundo mkononi, anapima. Hasalimii. Anapima kwanza, anaguna, ndipo anainua kichwa.

"Mama Salima," aliniambia siku ya kwanza kumkuta hivyo, "hapa ulikuwa unapanda ao ulikuwa unatupia kuku?"

Tulimwita Moniteri. Ndivyo watu wa Goma wanavyowaita tangu zamani maafisa wa kilimo wa mtaa, wale wanaozunguka kufundisha watu kulima. Serikali ilikuwa imemweka hapo kisha ikamsahau, naye hakujisumbua kuikumbusha. Jina lake la kitambulisho nililisikia mara moja tu, kwenye msiba wa jirani, na liliposomwa niligeuka huku na huku nikitafuta ni nani anayeitwa. Basi na hapa abaki Moniteri.

Nilikuwa mwanafunzi wake mbaya kuliko wote, na sisemi hivyo kwa kujinyenyekeza. Kwetu ni Maniema. Baba yangu alikuja Goma akiwa dereva, nikaolewa na dereva, na chakula tulichokijua ni wali, mafuta ya mawese na sombe, yale majani ya muhogo. Maharagwe yalikuwa kitu cha kununua sokoni, makavu, yaliyokwisha kupepetwa na mtu mwingine. Jembe nililishika baada ya volkano. Moto wa mlima ulipita juu ya nyumba yetu, ukaacha jiwe jeusi lililotoa moshi kwa muda mrefu, na mume wangu akarudi barabarani na lori la watu kwa sababu hakujua kazi nyingine. Mimi nilibaki na watoto. Parokia moja ya mtaani ikatoa kiwanja chake Keshero kwa wanawake wasio na kitu, walime. Hawakuniuliza nasali wapi. Nilipewa kipande, nikapewa na mbegu, na hakuna aliyenipa akili ya kuipanda.

Kwa hiyo nilitazama wenzangu. Wengi walitoka upande wa Butembo na Lubero, watu waliozaliwa na jembe. Jirani yangu pale shambani alikuwa Mama Kahindo, mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Yeye alichota mbegu kiganjani, akazimwaga huku na huku kama anayenyunyizia maji uani, kisha akapita na jembe kuzifunika. Ilikuwa kazi nyepesi na nzuri kuitazama. Nikafanya vile vile, nikarudi nyumbani kifua mbele. Asubuhi yake ndiyo nikamkuta Moniteri amepiga magoti.

Neno lake kubwa lilikuwa ekaritema. Ni Kifaransa cha shule ya kilimo, maana yake nafasi kati ya mche na mche, lakini yeye alilitamka kama padri anavyotamka neema. "Ekaritema, bamama! Ekaritema!" Watoto wa Ndosho, alikokaa, walimpigia kelele hilo neno akipita na viatu vyake vya mpira na koti la suti lililochakaa viwiko. Hakukasirika. Aliwanyooshea kidole na kuwaambia, "Njo vile!", yaani ndivyo hivyo. Alidhani wamejifunza.

Hoja yake ilikuwa hii, na aliirudia mpaka tukaiota. Huku kwetu mvua haina haya. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo, inanyesha tena, na ukungu wa ziwa unamalizia. Ukimwaga mbegu ovyo, miche inasongamana. Ikisongamana, upepo haupiti, na majani hayakauki.

"Jani isipokauka, kuvu inaingia," alisema. "Maharagi inaoza kuanzia ku miguu, na weye uko unasifu majani yake! Utavuna majani, mama. Majani na kilio."

"Mama yangu alimwaga, na mama yake alimwaga," Mama Kahindo alimjibu. "Na mimi niko hapa, nilikula, nilikomaa."

"Mama yako alikuwa na shamba kubwa juu ya kilima. Weye uko na mukeka katikati ya mawe. Mutu wa shamba ndogo anapaswa kulima kwenda juu."

Kulima kwenda juu. Hilo ndilo lilikuwa fundisho lake la pili, na mimi ndilo lililonishika. Yale maharagwe mafupi yanayotambaa chini hakuyapenda. Alileta mbegu ya maharagwe yanayokwea, meupe yenye madoa ya zambarau, na akatutaka tuyasimamishie fito ndefu kuliko mtu. Yeye aliziita titeri. Tunanyoosha kamba, tunachimba vishimo penye fundo, mbegu mbili kila kishimo, na ufito kando. Maharagwe yanazunguka ufito na kupanda, yanapanda tu, na kila kiungo kinatoa maganda. Kipande kile kile cha mkeka, alisema, kinakuwa ghorofa.

Msimu ule wa kwanza Mama Kahindo alikataa, mimi nikakubali kwa sababu sikuwa na mama wa kumtetea. Mvua ilikuja kama alivyosema. Kwa Mama Kahindo majani yalikuwa mazuri kupita ya wote, yamefunga ardhi pima kwa pima, na ulipoyafunua chini ulikuta mashina ya rangi ya chai. Kwangu maharagwe yalipanda fito mpaka nikahitaji kuinua mikono kuchuma. Sisemi nilivuna gunia ngapi, maana kila mwanamke wa kundi lile ana hesabu yake na zote ni za uongo. Nasema tu kwamba nilivuna nikiwa nimesimama, na jirani yangu alivuna ameinama, na alimaliza mapema.

Ningependa kusema Moniteri alinyamaza kwa heshima. Hakunyamaza. Alipita kipande cha Mama Kahindo kila asubuhi akipiga mluzi kupitia pengo la jino lake, hadi siku moja mama wa watu akamrushia bonge la udongo likampata mgongoni. Akaendelea kupiga mluzi.

Huyo ndiye alikuwa mtu wetu. Na mtu akikusema mazuri matupu, amekusahau, kwa hiyo na mabaya niyaseme. Mtetezi huyu wa mistari hakuwahi kusimama kwenye mstari wowote. Maji yakitoka kwenye bomba la Keshero, wanawake wamepanga bidoni zao, yale madumu ya plastiki, tangu alfajiri, yeye anakuja na yake, anasalimia kila mtu kwa upole, anauliza habari za watoto, na ukija kushtuka bidoni yake iko mbele na imeanza kujaa. Nilimwambia, "Moniteri, na hapa ekaritema iko wapi?" Akasema maji si maharagi.

Tena, huyu aliyetuhubiria maharagwe mchana kutwa, mwenyewe hakuyala. Yalimjaza tumbo. Ukimkaribisha kwako unampikia viazi, na ukiwa na bahati ya ziwa, sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo. Sufuria ya maharagwe ikiletwa, aliinama, akaitazama kwa makini, akachukua punje moja, akaibonyeza kwa vidole kuona ngozi yake, akairudisha. "Imeiva vizuri," alisema, na akaendelea na kiazi chake.

Alikuwa mkali kwa wavivu na laini kwa walevi. Alimchukia mbuzi kuliko alivyomchukia shetani. Mifuko ya koti lake ilikuwa na mbegu kila wakati, na akizungumza nawe mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, unazichambua bila kuangalia. Iliyotobolewa na wadudu aliitambua kwa kidole, akaitoa, akaitupa, na hadithi ikaendelea.

Lakini kuhusu mbegu ya kupanda hakuwa na mchezo, na hapo ndipo mke wake alipopata taabu.

Hadithi hii nilipewa na Mama Moniteri mwenyewe, jikoni kwake Ndosho, na mume wake yuko nje anasikia. Volkano ilipotoka, mji mzima ulikimbilia upande wa Rwanda. Watu walibeba magodoro, walibeba redio, kuna aliyebeba mlango. Mume wake alibeba bidoni ya njano iliyojaa mbegu zilizochanganywa na majivu dhidi ya wadudu. Walilala nje pamoja na maelfu, na chakula kikawa taabu.

"Batoto bananililia njaa," Mama Moniteri alisema, "na yeye anakalia bidoni. Anaikalia, Mama Salima! Hata kuinuka hainuki. Nikamuambia, Papa, leo tupike hii. Akasema, hii haiko chakula. Nikamuuliza, iko nini basi? Unajua alinijibu nini?"

"Alijibu nini?"

"Eti, 'Iko sezo B.'"

Sezo B ni msimu wa mvua unaoanza mwezi wa pili. Sezo A ni ule wa mwezi wa tisa. Watoto walikuwa wanalia, mlima ulikuwa bado unatetemesha ardhi, mji nusu umekuwa jiwe, na mtu anazungumza habari za sezo B.

"Sikumuongelesha mupaka tukavuna," alisema mama yule, akageuza sufuria. "Tulivuna vizuri, nitasema bongo, nikudanganye? Lakini sikumuongelesha."

Kutoka nje tukasikia sauti: "Mbegu haina mwenyewe. Iko na mulinzi tu."

"Unamsikia?" mke wake akaniuliza. Alikuwa anacheka, lakini si kicheko chote kilikuwa cha furaha. Na mimi, kwa miaka mingi, nilikuwa upande wa mama yule. Nilimpenda Moniteri, nilimheshimu, lakini kila nilipofika kwenye hiyo bidoni moyo wangu ulikataa. Mtoto analia na wewe umekalia chakula. Nilimwona mgumu, na nilimwambia. Alisema tu, "Leo yao inalia. Kesho yao je?"

Mbegu aliyokuwa anaikalia ndiyo ile nyeupe yenye madoa, iliyotulisha Keshero. Na alikuwa na sharti. Akikupa kopo, humrudishii yeye. Ukivuna, unatoa makopo mawili kwa mwanamke mwingine ambaye hana, naye anapewa sharti lile lile. Hakuandika popote. Alikuwa anazunguka tu, anauliza, "Ulimupa nani?" Na usipokuwa na jina la kutaja, utamkuta tena kesho, na kesho kutwa, akikohoa mlangoni mpaka uone haya.

Nirudi kwa Mama Kahindo, kwa sababu Moniteri hawezi kuelezwa bila kosa la Mama Kahindo.

Baada ya mvua ile ya kwanza aliacha kumwaga. Hakukiri kitu; siku moja tu tulimwona na kamba. Tatizo lake likawa fito. Fito nzuri zililetwa mjini kwa chukudu, zile baiskeli za mbao, kutoka mashambani, na Moniteri alitaka ziwe kavu, zilizokaa juani hadi kufa kabisa. Alikuwa na sababu. Ukichomeka ufito mbichi kwenye udongo wetu wenye unyevu, unaota mizizi, unachipua, unakunywa maji ya maharagwe na kuyafunika kivuli. "Titeri inapaswa kuwa maiti," ndivyo alivyofundisha.

Basi ikaja sezo A moja ambayo kiwanja kiliongezwa. Moniteri alifurahi mpaka akapoteza hadhari. Alitoa bidoni yote, akapandisha yote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mbegu walizotunza wanawake wengine nazo zilipandwa pale. Kama shamba lile lingepotea, mbegu ile ingepotea nalo, na sote tulilijua hilo.

Fito kavu hazikutosha. Mama Kahindo alichoka kungoja, akaenda kwenye ua wa parokia, akakata matawi ya mubirizi, ule mti wa majani machungu ambao kila nyumba ya hapa inaujua kwa sababu ya maumivu ya tumbo. Akayachomeka mabichi, mstari kwa mstari, kipande chake chote. Kosa gani hilo! Mubirizi hauhitaji kubembelezwa. Maharagwe yalipoanza kukwea, fito zake zilikuwa na majani kuliko maharagwe yenyewe.

Moniteri alipoliona alikaa chini, kwenye jiwe, akashika kichwa.

"Mama Kahindo. Hii iko shamba ao iko pori?"

"Nilichoka kungoya zikauke."

"Ngoa yote."

"Nikingoa na maharagi inangoka. Imeshakamatana."

"Ngoa, mama! Inakunywa mbegu yetu!"

Mama Kahindo akasimama mbele ya mstari wake, jembe begani. "Kuja ungoe weye." Moniteri alimtazama, akalitazama na jembe. Akakunja kamba yake akaenda zake, na safari hii hakupiga mluzi.

Maganda yalikuwa yameanza kujaa waasi walipofika mjini. Tulikimbia, wengine Sake, wengine ng'ambo ya mpaka, kama tulivyozoea, kwa maana mtu wa Goma anajua kufunga mzigo kabla hajajua kusoma. Hatukukaa sana. Tuliporudi, tulikwenda shambani kabla ya kwenda kuangalia nyumba zetu.

Watu wenye bunduki walikuwa wamelala pale. Wa upande gani sikuuliza, na hata leo siulizi. Njaa yao ilikuwa ya upande mmoja. Walihitaji kuni. Mbele yao palikuwa na shamba zima la fito zilizokaushwa vizuri na mtaalamu. Walizing'oa zote. Kwangu maharagwe yalikuwa yamelala kwenye matope na kukanyagwa, maganda yameoza, mengine yameanza kuchipua humo humo. Nilipiga yowe. Wanawake wengine walikaa chini. Moniteri alipita kila kipande, akiokota ganda, akilifungua, akilitupa.

Kisha akafika kwa Mama Kahindo, akasimama.

Mubirizi haukuguswa. Ni nani angechoma mti mbichi unaotoa moshi wa kuliza macho? Na kuung'oa hungeweza, ulikuwa na mizizi yake. Mistari yote ilisimama, na maharagwe yalisimama nayo, machache kuliko ambavyo yangekuwa, yamefichwa na majani machungu, lakini mazima. Moniteri aliingiza mkono, akachuma ganda moja, akalifungua. Meupe, madoa ya zambarau.

Nilitegemea angetafuta sababu ya kutosema. Wakubwa wetu ndivyo wanavyofanya. Yeye akaanza kulia, waziwazi, makamasi na yote, na Mama Kahindo akamshika bega na kumtikisa.

"Moniteri, si uliniambia ningoe?"

"Nilikuambia."

"Na sasa?"

"Sasa nimeshaona." Akajipangusa kwa koti. "Lakini majani ni mengi. Tutayakata."

Alikuwa bado na machozi, na tayari anatoa kamba. Tangu siku ile hakufundisha tena kwamba titeri ni maiti. Alijaribu msimu kwa msimu, mubirizi mistari hii, fito kavu mistari ile, akagundua kuwa ukiupogoa mubirizi maharagwe yanapoanza kutambaa, na majani yake ukayatandaza chini, hasara inapungua na udongo haurukii majani mvua ikipiga. Wakati wa amani, alikiri, fito kavu zinazaa zaidi. Kisha akaongeza, "Sasa mutu anionyeshe hiyo amani." Mbegu zilizotoka kwa Mama Kahindo zikagawanywa kopo kwa kopo, na sharti likaendelea. Nami nilichukua matawi ya ule mubirizi nikayachomeka nyuma ya nyumba yangu, kwenye udongo kidogo kando ya ukuta wa mawe. Yapo hadi leo.

Miaka ikapita. Mama Moniteri akafariki. Kiwanja cha parokia kikajengwa nyumba. Mama Kahindo akarudi Butembo kwa watoto wake, na wanawake wengine wakatawanyika kila mtu na njia yake. Kisha vita ikarudi, na safari hii waliokuja mjini hawakuondoka. Mume wangu alikuwa safarini, akabaki upande wa pili wa barabara iliyofungwa. Benki zikafunga. Kibaruani kwangu Himbi, nilikokuwa nafulia watu wa ofisi, watu wa ofisi wakaondoka na nguo zao. Salima alikuwa amerudi nyumbani na watoto wake wawili. Ikafika asubuhi ambayo ndani ya nyumba hakukuwa na kitu isipokuwa mbegu yangu, kwenye bidoni yake, na majivu yake.

Niliishusha. Nikamwambia Salima ateleke maji. Halafu sikuweza kuifungua, nikaona haifai niipike bila kumwambia mwenye neno. Nikafunga kitenge nikatembea mpaka Ndosho. Nilitaka anikatalie kwa ule ugumu wake, ili nimtukane, nirudi nipike.

Nilimkuta uani, kwenye kiti, miguu imevimba na koti lile lile mabegani. Watoto waliokimbia vita, ambao nyumba yake iliwapokea pamoja na mama zao, walikuwa wamezunguka sufuria. Wanakula. Nikainama kusalimia, nikaona kilichokuwa kwenye sahani. Meupe, ingawa madoa yalikuwa yamepotelea kwenye mchuzi. Kando ya mlango bidoni ya njano ilikuwa imelazwa ubavu, wazi.

"Moniteri," nikasema. "Umepika?"

"Nimepika."

"Mbegu?"

"Batoto balilia." Alitazama mikono yake. "Zamani niliwasikia wangu wakilia, nikakaa. Sasa mama yao haiko, hata kuomba musamaha siwezi. Safari hii nilishindwa kukaa."

Nilikuwa nimekuja kugombana na mtu mwingine kabisa. Nilikaa chini kando yake, na mtoto mmoja akaniletea sahani, nikamwambia ale yeye. Moniteri mwenyewe hakuwa na sahani. Tumbo, nilikumbuka, na nusura nicheke.

"Niliweza kupika juu najua iko ingine kwako," akasema. "Nilifikiri: ile ya Butembo, njia imefungwa. Ya bengine, sijui. Lakini kwa Mama Salima iko. Njo nikafungua." Akanigeukia. Macho yalikuwa yamefifia, lakini bado yalipima. "Si iko?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bidoni iliyo nyumbani kwangu, kando ya maji yanayochemka, ndiyo yote iliyobaki hapa mjini. Ningeweza kumwambia ukweli wote. Mkono wake ulikuwa mfukoni, unatafuta cha kuchambua, na mfukoni hakukuwa na kitu.

"Iko," nikasema.

"Mvua imeanza."

"Naona."

"Mbili-mbili kila shimo. Na ekaritema, Mama Salima. Nitakuja kuangalia."

"Utakujaje na miguu hiyo?"

"Nitakuja tu."

Nilirudi haraka kuliko nilivyokwenda. Salima alikuwa amekaa mbele ya jiko, wanawe wawili pembeni, na bidoni miguuni.

"Maji imechemka, mama. Nitie?"

"Ipua sufuria," nikamwambia.

Alinitazama kama mke wa Moniteri alivyomtazama mumewe ng'ambo ile. Siku ile tulilalia uji mwepesi wa unga alioazima kwa jirani, watoto walilia, na Salima hakuniongelesha. Mpaka leo ananijibu kwa kichwa tu. Nilichukua jembe, nikaenda nyuma ya nyumba, nikapogoa mubirizi, nikatandaza majani chini. Kamba sikuwa nayo, nilipima kwa shubiri. Nimepanda mbili mbili kila shimo, mstari hadi ukutani, na mstari umenyooka.

Aje aone.